Maabara ndani ya kompyuta moja: Jinsi kijana wa Kabambare anavyoweza kujiandaa kwa cheti cha usalama wa mitandao

Katika vijiji na senta nyingi za Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, umeme hununuliwa kidogo kidogo. Unapeleka simu au kompyuta kwenye kibanda chenye paneli ya sola, unalipa, unasubiri ijae. Kwa kijana anayetaka cheti cha usalama wa mitandao, swali la kwanza linahusu betri: itadumu hadi amalize zoezi?

Swali hilo si dogo. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye mwenye umeme. Nao mtihani wa CCNA wa kampuni ya Cisco hugharimu dola 300 za Marekani kabla ya kodi. Anayeshindwa husubiri siku 5 kisha hulipa upya ili kurudia. Kwa familia inayoishi kwa shamba au biashara ndogo, hiyo ni fedha ya kupotea mara moja tu.

Ndiyo maana namna ya kujiandaa ina uzito kuliko idadi ya vitabu alivyonavyo mtahiniwa.

Kukariri hakutoshi

Wengi huanza na mafaili ya maswali na majibu yanayopitishwa kwa flashi na WhatsApp. Ni rahisi kuyapata na hayahitaji mashine yenye nguvu. Lakini kuyatumia kunavunja masharti ya mtihani, na anayebainika anaweza kufutiwa matokeo.

Tena mitihani yenyewe inadai vitendo. Security+ ya CompTIA ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na ili kufaulu unahitaji alama 750 katika kipimo kinachoanzia 100 hadi 900. Baadhi ya maswali humweka mtahiniwa mbele ya mtandao wa kuigiza na kumtaka aurekebishe. Hapo aliyekariri herufi ya jibu hukwama.

Maabara isiyohitaji intaneti

Habari njema ni kwamba maabara ya kuanzia haihitaji ruta wala swichi halisi. Packet Tracer, programu ya bure ya Cisco, huchora mtandao mzima ndani ya kompyuta moja. Intaneti inahitajika kuipakua na kuingia kwenye akaunti mara moja moja. Mazoezi yenyewe hufanyika bila mtandao.

Kompyuta yenye memori ya GB 4 inaweza kuiendesha. Mwenye GB 8 anaweza kuongeza VirtualBox, programu ya bure inayotengeneza kompyuta pepe ndani ya kompyuta yake, pamoja na Wireshark ya kusoma pakiti zinazopita.

Hesabu ya umeme nayo inawezekana. Kompyuta inayotumia wati 40 kwa saa 3 inahitaji wati-saa 120. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri, ikiwa na betri, inaweza kutoa kiasi hicho kwa siku.

Kuhifadhi kila kitu ndani ya kompyuta kuna faida nyingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, serikali ya Congo ilikata intaneti kwa karibu siku 20. Mwenye masomo ndani ya diski yake hakuwa na sababu ya kusimama.

Zoezi la kuanzia

Chukua ofisi ndogo ya ushirika wa akiba. Mara nyingi ofisi kama hiyo huwa na Wi-Fi moja na neno la siri moja, ambalo mhasibu analijua, na mgeni pia analijua. Kazi yako ni kuitengeneza upya ndani ya Packet Tracer.

Kwanza, gawa swichi katika mitandao miwili, mmoja wa wahasibu na mwingine wa wageni. Pili, weka ulinzi wa poti ili kila tundu likubali kompyuta moja tu. Chomeka kompyuta ngeni uone: poti hujifunga. Kisha jifunze kuifungua. Tatu, kwenye ruta andika orodha ya ruhusa inayowazuia wageni kufika kwa wahasibu.

Hapa ndipo wanaoanza huanguka. Kila orodha ya ruhusa ya Cisco huishia na amri isiyoonekana inayokataa kila kitu. Ukiandika mstari wa kuzuia na kusahau wa kuruhusu, wageni hawafiki popote, hata intaneti. Kitabuni hiyo ni sentensi moja. Kwenye maabara unahangaika nusu saa kutafuta kosa, na baada ya hapo hulisahau tena.

Zoezi la mwisho ni la Wireshark. Unganisha kompyuta pepe mbili kwa Telnet, kisha kwa SSH. Kwa Telnet utasoma neno la siri herufi kwa herufi. Kwa SSH utaona maandishi yasiyosomeka. Hakuna mhadhara unaoeleza usimbaji vizuri kuliko hapo.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni masomo yaliyopitwa na wakati. CCNA Security, mtihani namba 210-260, ulifungwa Februari 24, 2020. Siku hiyohiyo ulianza CCNA mpya, namba 200-301, ambayo sehemu yake ya misingi ya usalama ina asilimia 15. Upande wa Security+, toleo SY0-601 liliondolewa Julai 2024 na sasa hutumika SY0-701. Kabla ya kununua kitabu au kunakili video, angalia namba.

Mtego wa pili ni sheria. Kanuni ya kidijitali ya Congo, iliyotiwa saini Machi 13, 2023, inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa. Mazoezi ya kushambulia yafanyike kwenye kompyuta pepe zako pekee. Wi-Fi ya jirani au ya hospitali si maabara.

Siku ya mtihani

Maabara haimalizi matatizo yote. Maswali huandikwa kwa Kiingereza, wakati shule za Congo hufundisha kwa Kifaransa, hivyo ni busara kuweka daftari la istilahi tangu siku ya kwanza.

Kufanyia mtihani nyumbani kunaruhusiwa, lakini kunadai kamera, chumba kitulivu na intaneti isiyokatika. Kwa Kabambare, hilo ni gumu. Kusafiri nako kuna vikwazo, hasa tangu M23 ilipoitwaa Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Orodha ya vituo vya Pearson VUE, kampuni inayoendesha mitihani hii, iangaliwe kabla ya kulipa.

Jambo la busara ni kulipa mwishoni. Jenga ofisi ile ya ushirika, ibomoe, ijenge tena bila kutazama maelezo. Ukiweza kufanya hivyo huku ukieleza sababu ya kila amri, hapo dola 300 zina pa kuwekwa. Na hata kama cheti kitachelewa, ofisi iliyo jirani nawe tayari ina mtu anayejua kutenga Wi-Fi ya wageni na ya wahasibu.