Mchuma Chai na Fundi wa Mashine

Wakulima wengi huuliza: kwa nini mchuma chai apate kidogo na fundi wa mashine apate zaidi, hali wote wawili hutumikia jani moja?

Jibu liko Mombasa. Huko chai yetu hunadiwa pamoja na ya Uganda, Rwanda na Malawi, na mnunuzi hutazama ubora na bei tu. Bei ikishuka, mwenye shamba kubwa hutafuta kupunguza gharama, na kuchuma ni gharama kubwa. Ndiyo sababu mashamba mengine ya Kericho yalileta mashine. Anayejua kuiendesha na kuitengeneza hutafutwa. Anayelipwa kwa kilo hukosa kazi. Uchungu ulizidi hata mwezi wa Mei 2023 mashine zikachomwa moto. Lakini moto ule haukubadili bei ya mnadani.

Mkulima mdogo huchuma kwa mkono, na hiyo ndiyo nguvu yake. Majani mawili na chipukizi hutoa chai nzuri, na chai nzuri haikosi mnunuzi. Basi mfundishe mchumaji wako, umlipe vema kwa jani safi. Na mtoto wako mpeleke akajifunze ufundi.