Inchi 32 za Runinga Hupimwa Wapi?

Mwezi uliopita nilikwenda Kisii kumjulia hali mdogo wangu wa kike anayefanya kazi huko. Nilimkuta ametamani runinga ya inchi 32, lakini nafasi kwenye kabati lake la sebuleni ina upana wa inchi 30 tu. Mimi, msomi wake, nikamwambia, "Haiingii hiyo. Tafuta fundi akate ubao."

Tukateremka Daraja Mbili. Tukapita kwenye ndizi, parachichi na mitumba hadi kwa seremala. Alipotusikiliza aliuliza, "Mzee, hizo inchi 32 umezipima wapi?" Nikanyamaza. Mdogo wangu akacheka: "Kaka, na diploma yako!"

Ukweli ni kwamba inchi za runinga si za upana. Hupimwa mshazari, kutoka pembe ya chini upande mmoja hadi pembe ya juu upande wa pili. Ukiukata mstatili kwa mshazari huo unapata pembetatu mraba, na hapo ndipo kanuni ya Pythagoras tuliyosoma shuleni inapotumika: upana mara upana, ujumlishe kimo mara kimo, ni sawa na mshazari mara mshazari. Waashi wetu huitumia kila siku. Wakichora msingi hupima futi 3 upande huu na futi 4 upande ule. Kamba ya mshazari ikitoka futi 5, pembe imenyooka.

Runinga za kisasa karibu zote zina uwiano wa 16 kwa 9: upana sehemu 16, kimo sehemu 9. 16 mara 16 ni 256, na 9 mara 9 ni 81. Jumla ni 337, na kipeuo chake cha pili ni kama 18.36. Basi gawanya 32 kwa 18.36 upate 1.743. Zidisha kwa 16: upana ni inchi 27.9. Zidisha kwa 9: kimo ni inchi 15.7.

Njia ya mkato ni kuzidisha inchi za runinga kwa 0.87 kupata upana, na kwa 0.49 kupata kimo. Ya inchi 43 ina upana wa takriban 37 na kimo cha 21. Ukilinganisha eneo la kioo, ni kama mara 1.8 ya ile ya 32, ingawa tofauti ya majina ni inchi 11 tu. Likumbuke hilo unapolinganisha bei.

Tahadhari moja: hesabu hii ni ya kioo peke yake. Fremu na miguu huongeza kidogo, kwa hivyo nenda dukani na futi kamba.

Kabati la mdogo wangu halikukatwa. Runinga imeingia, na mimi nimekoma kujibu kabla ya kupima.