Mlango unaokunywa maji

Desemba iliyopita, pale Marangu Mtoni, nilivuta mlango wa dereva niufunge. Mlango ukabaki wazi, mimi nikabaki na paneli mkononi: kipande cha ubao kilicholainika kama mandazi yaliyosahauliwa kwenye chai. Leza, ile ngozi bandia iliyouvika ubao, ilikuwa nzima, inang'aa kama siku zote. Kilichokufa kilikuwa nyuma yake.

Gari ni la baba, Toyota Corolla ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Paneli za milango yake si plastiki kama za magari ya sasa. Ni hadibodi ya milimita 3 hivi iliyovikwa leza, basi. Hadibodi ni nyuzi za mti zilizopasuliwa kwa mvuke kisha zikashindiliwa kwa joto, ufundi aliouanzisha Mmarekani William Mason mwaka 1924. Ikiwa kavu ni ngumu kweli. Ikilowa huvimba, na klipu zinazoishikilia mlangoni hung'oka pamoja na matundu yake. Na huku kwetu kulowa ni desturi. Upande wa kusini wa Kilimanjaro ndio unaonyeshewa zaidi, masika ya Machi hadi Mei hayana simile, na ukishuka Himo tu unakutana na vumbi.

Spea za gari la umri huu mjini Moshi ni za kubahatisha. Hata ukilipata gari bovu linalochinjwa, paneli zake zimeoza vilevile. Nikaamua kuzitengeneza mwenyewe, na likizo yangu ya Krismasi ikaishia hapo.

Kigingi cha kwanza kilikuwa mkono wa kupandishia kioo. Hauna skrubu unayoiona. Nilikuwa nimeshaukwaruza kwa bisibisi nilipomfuata fundi siti mmoja Mbuyuni. Akaniambia, “Mangi, weka bisibisi chini. Una kitambaa?” Akakipitisha kitambaa nyuma ya mkono ule, akashika ncha zote mbili, akawa anavuta huku na huku kama anayeng'arisha kiatu. Kijiwaya kilichopinda kama pete iliyokatika kikaruka, kikalia ting kwenye sakafu ya gari, na mkono ukatoka wenyewe. Hakunidai hata senti. Alichotaka ni niondoke nimwachie nafasi ya kushona.

Shiti moja ya hadibodi, futi 4 kwa 8, inatosha milango yote minne na masalia yanabaki. Plaiwudi nyembamba kutoka Mafinga nayo ingefaa, ila niliogopa ingechanika nikianza kutoboa matundu ya klipu karibu na ukingo. Rafiki yangu mmoja alishauri nivike ngozi halisi, kwa kuwa Moshi tuna kiwanda cha ngozi pale Karanga. Kwa gari hili? Ni sawa na kumvalisha babu suti ya harusi aende nayo kukata majani ya ng'ombe.

Paneli ya zamani ilikuwa imesambaratika, kwa hiyo kipimo nilikichukua kwa katoni la maji lililokunjuliwa, nikikata na kujaribisha mlangoni mpaka likakaa. Matundu ya klipu ndiyo yanayotesa, maana yakikosea milimita 2 paneli haikai. Nilichomeka klipu kwenye mlango, nikagusisha rangi kidogo kwenye vichwa vyake, kisha nikabana ubao juu yake. Kila klipu ikaacha alama ya mahali pake.

Halafu nikafanya kosa la kitoto. Paneli ya kulia na ya kushoto ni kama viganja viwili: kipimo ni kimoja, lakini lazima ukigeuze. Mimi nilikata mbili, nikazipaka gundi, nikazivika sponji na leza, ndipo nikagundua zote ni za kulia. Ubao mtupu ungegeuzwa tu. Uliokwisha kuvikwa hauna msamaha.

Gundi nayo haitaki haraka. Unapaka pande zote mbili, ubao na kinachobandikwa juu yake, unasubiri mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo unabandika. Asubuhi yenye ukungu gundi inachelewa kukauka, kwa hiyo nilikuwa nikisubiri jua la saa nne. Stepla niliiacha kwa kuwa pini zake zilikuwa ndefu kuliko unene wa ubao. Kabla ya yote hayo nilikuwa nimepaka vanishi mara mbili, mbele, nyuma na hasa kingoni, ambako maji huanzia.

Lakini vanishi peke yake isingeiokoa paneli. Mvua inaposhuka kwenye kioo, maji hupita kando ya mpira na kuingia ndani ya mlango. Ndivyo ulivyoundwa. Humo hutiririka hadi chini na kutoka kwenye vijitundu vya ukingo wa chini. Kinachoikinga paneli ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati, na sehemu yake ya chini huingizwa ndani ya mlango ili maji yarudi humo. Kwetu haikuwapo. Fundi fulani aliyewahi kutengeneza kitasa aliichana na kuitupa, na vijitundu vilikuwa vimezibwa na tope jekundu lililokauka kama tofali. Nilivizibua kwa spoku ya baiskeli. Kisha nikabandika nailoni nzito kwa silikoni, nikaikunjia ndani kule chini, ndipo nikafunga paneli.

Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia mwaka mpya. Asubuhi baba alisimama barazani na kikombe chake, akilitazama gari. Chini ya mlango wa dereva maji yalikuwa yanadondoka, tone baada ya tone.

“Mbona linavuja?” akauliza.

“Ndiyo, baba,” nikamjibu. “Sasa linavuja kwa nje.”