Je, Wajua? Lubaina Himid, Mzaliwa wa Zanzibar Anayechora kwa Muundo wa Kanga

Kanga zinazoanikwa uani Tabata, Dar es Salaam, kuanzia Relini hadi Segerea, zote zina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa). Yupo msanii aliyeufikisha muundo huo kwenye kumbi kubwa za sanaa Uingereza.

Je, wajua kuwa Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954? Alikuwa na miezi minne tu baba yake alipofariki kwa malaria, na mama, mbunifu wa vitambaa, akaenda naye Uingereza.

Je, wajua kuwa chuoni alianza na usanifu wa majukwaa ya maigizo? Ndiyo maana watu wengi katika kazi zake ni mbao zilizokatwa kwa umbo la binadamu na kupakwa rangi. Husimamishwa ukumbini, mtazamaji akapita katikati yao.

Je, wajua kuwa kazi yake ya mwaka 2004, *Naming the Money*, ina watu 100 wa plaiwudi, wenye kimo cha binadamu? Ni Waafrika waliotumikishwa kwenye majumba ya matajiri Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani. Mgongoni kila mmoja ana karatasi kama stakabadhi ya dukani, yenye jina lake la kwao, jina alilopachikwa na mabwana, kazi aliyoijua na kazi anayofanyishwa.

Je, wajua kuwa mwaka 2007 alichora juu ya vyombo 100 vya mezani vilivyokwishatumika? Mabakuli na sahani hizo zinasimulia jinsi mji wa Lancaster, Uingereza, ulivyotajirika kwa biashara ya utumwa.

Je, wajua kuwa kwenye picha zake za kanga, mji hubeba viungo vya mwili wa binadamu, na mahali pa jina hukaa maneno ya waandishi kama James Baldwin na Audre Lorde?

Je, wajua kuwa mwaka 2017 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza? Alikuwa na miaka 63. Kikomo cha miaka 50 kwa washindani kilikuwa kimeondolewa mwaka huohuo.

Je, wajua kuwa ndiye aliyeteuliwa kuiwakilisha Uingereza kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2026?

Mzazi wa Tabata mwenye binti anayejaza madaftari kwa michoro, usimkataze. Mtafutie rangi na kipande cha plaiwudi kwa fundi samani. Kanga za kujifunzia zimo kabatini kwa mama yake.