Vibao vya Shaba na Majina Yetu

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu nchini Uingereza, mwenye nyumba niliyopanga, mzee mstaafu aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, alinialika Jumamosi moja twende mnadani. Nilidhani tunakwenda kutazama samani. Kumbe ukumbi mzima ulikuwa umejaa vyuma: taa za reli, saa za stesheni na, juu ya meza ndefu, vibao vya majina vilivyong'olewa kwenye magarimoshi ya mvuke. Wanaume wenye mvi walivigeuza vibao hivyo na kuvimulika kwa kurunzi upande wa nyuma, mithili ya mtu anayekagua meno ya punda kabla ya kumnunua. Kibao kimoja chenye jina la ngome ya Wales kilikwenda kwa fedha ambazo zingenilipia karo ya mwaka na chenji ikabaki. Nilicheka kimoyomoyo.

Leo sicheki. Waingereza wana mazoea ya tangu jadi ya kuzipa injini zao majina. Kampuni ya Great Western iliziita kwa ngome, kwa wafalme na kwa majumba ya makabaila. Kibao cha jina kilifungwa juu ya gurudumu, kimoja kila ubavu. Kibao cha mbele ni kitu kingine kabisa. Hicho kilitundikwa kifuani mwa injini, nacho kilitaja safari wala si injini yenyewe: "Golden Arrow", mathalani, au "Cornish Riviera Express". Injini ilipobadilishwa, kibao kilihamia kwa nyingine. Kwa mwanaisimu tofauti hii ni tamu mno, kwa maana kimoja ni jina la mtu na kingine ni cheo anachokivaa kwa muda. Lipo jina moja, "Flying Scotsman", lililokuwa la safari na la injini pia, na hadi leo linawatatiza watu.

Mwaka 1955 serikali yao ilitangaza mpango wa kuachana na mvuke, na kufikia Agosti 1968 reli kuu za taifa hilo zilikuwa zimemalizana nao. Maelfu ya injini yalipelekwa kukatwakatwa. Wapenzi wa reli waliandika barua kuomba kununua vibao, wakauziwa kwa bei isiyozidi sana ile ya chuma chakavu. Vibao bora vya aina hiyo sasa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya pauni. Penye fedha hapakosi wajanja: vibao bandia ni vingi, ndiyo maana ya zile kurunzi. Sura ya mbele ni rahisi kuiga. Rangi kuukuu, mikwaruzo na matundu ya boliti kule nyuma ni vigumu.

Mzee wangu ndiye aliyenifungulia ukurasa ulionigusa. Kati ya mwaka 1934 na 1936, kampuni ya London, Midland and Scottish iliunda injini 191 za jamii iliyokuja kuitwa Jubilee, kwa heshima ya mfalme aliyetimiza miaka 25 kitini mwaka 1935. Nyingi zilipewa majina ya nchi za himaya. Namba 5613 iliitwa Kenya. Namba 5631 ilikuwa Tanganyika, 5636 Uganda, na 5638 Zanzibar. Naam, Afrika Mashariki nzima ilikuwa ikivuta abiria wa Kiingereza katika mvua na ukungu, na bila shaka wapiga makaa waliokuwa humo walilitamka jina letu "Kiinya", kama walivyofanya wakoloni wao huku. Majina hayo hayakuwa mawe. "Trans-Jordan" iligeuzwa kuwa "Aden" mwaka 1946, na "Gold Coast" ikawa "Ghana" mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya uhuru wa nchi hiyo. Injini ya mwisho ya jamii hiyo ilistaafu mwaka 1967. Zilizohifadhiwa ni nne tu, na iliyoitwa Kenya haimo.

Sikumwonea wivu mzee huyo wala wenzake. Lau si wao, shaba yote ingeyeyushwa. Lakini nilirudi nyumbani nikijiuliza juu ya vibao vyetu wenyewe.

Maana nasi tulikuwa navyo. Reli ya Afrika Mashariki iliagiza kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, injini 34 za Garratt katika miaka ya 1955 na 1956, kubwa kuliko zote zilizowahi kupita kwenye reli ya upana wa mita moja, nazo zikapewa majina ya milima. Mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Humo pia mna injini tatu zilizopewa majina ya makabila, ambazo ningependa kila mwanafunzi wangu azione: "Masai of Kenya", "Nyaturu" na "Bavuma". Tazama jinsi waliotoa majina walivyokosa msimamo. Wanyaturu wa Singida wamevuliwa kiambishi chao. Wavuma wa visiwa vya Ziwa Viktoria wameachiwa chao, tena kwa umbo la kwao la *ba-*. Wamaasai nao wamepoteza kiambishi na irabu moja, kisha wakaongezewa mpaka wa kikoloni. Huo ni muhadhara mzima wa ngeli za nomino ulioandikwa kwa chuma. Zilikuwapo pia injini za jamii nyingine zilizobeba majina ya magavana. Vibao vyao viliondolewa baadaye, na hakuna niliyemsikia akilia.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa msaidizi wa dereva katika zile Garratt kati ya Mombasa na Nairobi, kazi yake kusimamia moto wa mafuta. Alizoea kusema, "Leo nimekuja na Gelai." Mlima wenyewe, ulioko kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Natron, hakuwahi kuuona. Kwake yeye Gelai lilikuwa jina la kitu kilichotoka jasho la mafuta kikipanda kutoka Mazeras, na kilichomkasirikia akikipuuza.

Injini 32 zilizobaki zilikuwa na vibao vyake. Nilipouliza katika ofisi moja viliko, karani alinitazama kwa huruma: "Hivyo vilikuwa vyuma tu, mwalimu. Viliondoka na vyuma vingine." Sidai virudishwe kutoka popote vilipo. Ninachotaka ni daftari: kila jina, kila kibao, kiko wapi na kwa nani, kwani wastaafu wanaoweza kutwambia wanapungua kila mwaka.

Msomaji ambaye babake alifanya kazi relini, na ambaye ana ubao wa shaba uliolala chini ya kitanda au kuegemezwa ukutani, na aniandikie kupitia gazeti hili. Nami namsihi asiusugue kwanza kwa majivu na ndimu. Augeuze, autazame upande wa nyuma.