Sahani ya Simbilisi: Mboga Mbichi kwa Mnyama Asiyeweza Kujitafutia

Likizo ya shule ilipoanza mwaka uliopita, watoto wetu walituomba mnyama wa kufuga, nasi tukawaletea simbilisi wawili ndani ya kikapu. Mmoja alikuwa wa rangi ya hudhurungi, wakamwita Karafuu. Wa pili alikuwa mweupe mwenye madoa ya kijivu, wakamwita Iliki. Bibi yao alipolisikia jina la Kiingereza la mnyama huyu, ambalo ndani yake mna neno nguruwe, alisimama mlangoni akauliza, “Wajukuu wangu, ni nini hiki mnachoniletea nyumbani?”

Huenda wapo wasomaji wetu wenye wasiwasi kama huo, basi na tuuondoe mapema. Simbilisi si wa jamii ya nguruwe hata kidogo. Ni katika wanyama wagugunao, jamaa ya panya na nungunungu. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Hula majani na nyasi, hang’ati ovyo, na huwatambua wanaomlisha. Akisikia mfuko wa mboga ukichakarika jikoni, hupiga mbinja kwa furaha. Bibi aliporidhika, wageni wetu wakapata pahala pao barazani, penye kivuli na upepo.

Tuliwapenda na tukawalisha kwa moyo mmoja. Kila siku walipata karoti, vipande vya tango, na saladi ile nyeupe iliyofumba kama kabichi. Tulidhani tunawafanyia ihsani kubwa, kwani walikula mpaka wakashiba. Baada ya wiki kadhaa Karafuu alianza kujikunyata pembeni. Manyoya yake yalifubaa na kusimama, akawa hataki kutembea, na tukimshika miguu ya nyuma hulia kwa uchungu. Tulisema ni baridi ya usiku, tukamwongezea matandiko. Siku ya tatu tulipoazimia kumpeleka kwa daktari wa mifugo, tulimkuta amekwisha kufa.

Tulimchukua Iliki peke yake, naye vifundo vilikwisha kuanza kumvimba. Daktari alimtazama fizi, akamgusa magoti, kisha akatuuliza swali moja tu: “Anakula nini?” Tukamtajia karoti, tango na saladi, tena kwa fahari. Akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba mnyama huyu alikuwa na kiseyeye, na kwamba tumbo lililojaa si ushahidi wa mwili ulioshiba.

Ugonjwa wa mabaharia

Wanyama wengi hujitengenezea vitamini C ndani ya miili yao. Mbuzi hutengeneza, paka hutengeneza, na hata panya hutengeneza. Simbilisi hawezi, na katika upungufu huu yeye na binadamu ni sawa. Asipoipata katika chakula, dalili zaweza kuonekana katika muda wa wiki mbili hivi: hupoteza hamu ya kula, viungo huvimba, fizi hutoka damu, na vidonda havifungi.

Ugonjwa huu pwani yetu yaujua tangu zamani. Mnamo Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga Mombasa, wengi wa mabaharia wake walikuwa wagonjwa wa kiseyeye baada ya miezi mingi ya safari. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Mwandishi wa habari za safari ile aliandika kwamba wagonjwa walipona hapo, akaisifu hewa nzuri ya mji. Leo twajua kwamba sifa ile yalistahiki zaidi machungwa na ndimu.

Miaka zaidi ya 400 baadaye, simbilisi ndiye aliyesaidia kulifungua fumbo hilo. Wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wakichunguza ugonjwa uliowapata mabaharia wa kwao. Waliwalisha simbilisi nafaka na mikate mitupu, na wanyama hao wakapata kiseyeye kama mabaharia. Walipowapa kabichi mbichi na ndimu, wakapata nafuu. Matokeo hayo waliyatangaza mwaka 1907, miaka mingi kabla vitamini C yenyewe haijajulikana. Alilofunzwa binadamu kwa kumtazama simbilisi, sisi tuliokuwa naye barazani tulikuwa hatulijui.

Hesabu ya sahani

Simbilisi mzima mwenye uzito wa kilo moja huhitaji takriban miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kila siku; mwenye mimba na mgonjwa huhitaji kiwango cha juu. Sasa na tupime. Gramu 100 za karoti zina kama miligramu 6 tu, na tango lina kama 3. Ili Karafuu apate miligramu 20 kwa karoti peke yake, ingempasa ale zaidi ya gramu 300, yaani karibu theluthi ya uzito wake mwenyewe. Lakini gramu 100 za pilipili hoho ya kijani, ile isiyowasha, zina kama miligramu 80, na hoho nyekundu imezidi hapo. Kipande cha gramu 25 chatosha kwa siku nzima.

Hata hivyo, mtu asikimbilie kumpa hoho pekee. Kila mboga ina wema wake na mpaka wake, na ndiyo sababu daktari alisisitiza mchanganyiko. Haya ndiyo tuliyojifunza, tukayapanga kwa mboga zipatikanazo Marikiti, Kongowea, au kwa mama mboga wa mtaani.

Za kila siku. Kipande cha pilipili hoho bila kikonyo, na majani ya saladi ya kijani iliyokunjuka. Ile iliyofumba na kuwa nyeupe ni maji matupu. Shina moja au mawili ya dania, au kotimiri kama waitavyo wengine, humfurahisha sana.

Za siku mbili au tatu kwa wiki. Jani la sukuma wiki lina vitamini C nyingi, lakini lina chokaa nyingi pia, na chokaa ikizidi huweza kufanya mawe katika kibofu. Kabichi kidogo yafaa. Ikizidi hujaza tumbo hewa. Majani ya karoti ni bora kuliko tulivyodhani, na karoti yenyewe iwe kipande chembamba kwa sababu ya sukari yake. Tango ni zuri siku ya joto kwa ajili ya maji yake.

Za mara moja kwa wiki. Mchicha na spinachi vitolewe jani moja dogo, kwa sababu ya asidi iliyomo, nayo pia husaidia kufanya mawe. Kipande cha pera ni hazina, kwani gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C. Lakini ni tunda lenye sukari, basi kiwe kidogo kama ukucha wa kidole gumba.

Za bure. Wauza mahindi ya kuchoma hutupa maganda mabichi ya kijani pamoja na nywele zake kila jioni. Simbilisi huyapenda mno. Tumezoea kumwomba jirani yetu muuzaji yale safi ya ndani, naye hutupa kwa roho safi.

Kwa jumla, mboga za siku moja zijae kikombe kimoja kwa kila mnyama, zigawanywe asubuhi na jioni. Mboga mpya iingizwe moja moja, kidogo kidogo, na choo chake kitazamwe kwa siku mbili au tatu. Akiharisha, iondolewe. Zote zioshwe vyema kwa maji mengi, maana dawa za shambani hubakia juu ya majani, na mwili mdogo hudhuriwa na kiasi kidogo. Mabaki ya asubuhi yaondolewe kabla ya joto la mchana kuyachachisha.

Pamoja na mboga zote hizo, nyasi ndizo chakula chake kikuu. Meno ya simbilisi hukua maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza. Nyasi kavu safi zisikosekane mbele yake usiku na mchana, wala maji safi yasikosekane.

Visivyofaa kabisa

Majani ya nyanya na ya viazi, na viazi vilivyogeuka kijani, vina sumu. Vitunguu maji, vitunguu saumu na parachichi vyamdhuru. Kisamvu kibichi kina sumu ambayo sisi wenyewe huiondoa kwa kutwanga na kuchemsha, basi vipi tumpe kiumbe huyu kikiwa kibichi? Maharagwe makavu, mkate, wali, biskuti, maziwa na chakula chochote kilichoungwa si riziki yake. Wala vitamini isitiwe katika maji ya kunywa: hupotea upesi, na ladha ikibadilika mnyama aweza kuacha kunywa. Daktari akiagiza dawa ya matone, apewe mdomoni kwa kipimo chake.

Tena simbilisi akiacha kula kwa muda wa nusu siku, asingojewe kesho. Tumbo lake halikuumbwa kukaa tupu. Sisi tulingoja siku tatu, na tunaandika haya ili mwingine asingoje.

Iliki alipewa matone na hoho, na baada ya wiki moja hivi tulimsikia tena akipiga mbinja barazani. Binti yetu mdogo alituuliza kwa nini Karafuu hakusema kwamba anaumwa. Hatukuwa na jawabu ila lile la kweli: alisema, kwa kukaa pembeni na kwa kulia aliposhikwa, na sisi hatukumfahamu. Mbuzi wa mtaani akikosa kitu hapa hukitafuta pale. Mnyama tuliyemfungia kizimbani hula kile tu ambacho mikono yetu imemchagulia, na kwa hivyo upungufu wake wote ni juu yetu.

Siku hizi, mchuzi unapoandaliwa, bibi hukata kwanza kipande cha hoho akakiweka kando juu ya kisahani, pamoja na shina la kotimiri. Mtu akinyoosha mkono kukichukua humzuia, “Hicho kiache. Ni haki ya Iliki.” Watoto nao wamebandika ukutani orodha ya mboga za wiki nzima, na kila mmoja ana siku yake ya kuosha na kupima. Juu ya orodha hiyo, kwa hati ya binti yetu mdogo, limeandikwa jina la Karafuu.