Shonan: Dandia Ka-treni, Achana na Foleni ya Picha

Wasee wakisikia Japani akili inaenda Tokyo moja kwa moja: mataa, magorofa, umati wa kuvuka barabara. Sawa, Tokyo ni noma. Lakini ukiwa huko na uko na siku moja ya kujibamba, hepa tao. Saa moja hivi kwa treni ya JR na tayari umeland Shonan, pwani ya ghuba ya Sagami, mkoa wa Kanagawa. Hapo kuna mawimbi ya kusurf, kuna kisiwa cha kupanda kwa miguu, kuna Buddha wa shaba wa tani 121, na hewa ikiwa safi Mlima Fuji unasimama nyuma ya maji na mita zake zote 3,776. Karibu hiyo yote imeshikanishwa na ka-reli kamoja ka kilomita 10 na stesheni 15. Kanaitwa Enoden, na hako ndio form.

Watu kibao wanakuja huku juu ya picha moja wamecheki kwa simu. Wanashuka, wanaipiga, wanapost, wanarudi hoteli. Manze, hao wamelipa nauli ya kuona sekunde tatu. Utamu wa Shonan uko kati ya stesheni na stesheni, pale hakuna mtu anakushow usimame wapi.

Anzia Fujisawa

Watalii wengi wanaanzia Kamakura juu ndio jina kubwa. Wewe geuza. Shika JR mpaka Fujisawa asubuhi mapema, halafu dandia Enoden mdogo mdogo kuelekea Kamakura. Ukifanya hivyo umati unakuja na wewe unaenda, so kiti unapata. Kaa upande wa kulia, ndio wa bahari. Na kaa hutaki kuhesabu sarafu kila stesheni, kuna tiketi ya siku nzima inaitwa Noriori-kun: unashuka, unazurura, unapanda tena mpaka uchoke.

Kuna njia zingine za kuland. Ukitoka Shinjuku, laini ya Odakyu inakuleta mpaka Katase-Enoshima, stesheni imejengwa kwa mtindo wa jumba la joka la chini ya bahari la hekaya za huko, na ndani wameweka tangi la konyeza wakielea. Wenye roho ngumu wapitie Ofuna washike monorail. Hiyo behewa inaning'inia chini ya reli, inapinda juu ya mapaa ya keja za watu kwa kilomita 6.6, na ndani ya dakika 14 imekutupa karibu na bahari magoti yakitetemeka.

Enoden yenyewe ni mzee. Kipande cha kwanza kilifunguliwa 1902, na 1910 ikafika Kamakura. Reli ni moja tu, so treni zinangojana kwa sehemu za kupishana, na hizo kilomita 10 zinakula dakika 34. Hakuna haraka. Inapita nyuma ya nyumba karibu sana, unaona soksi za mtu kwa kamba na baiskeli imefungwa kishikio cha ubao wa kusurf. Kati ya Enoshima na Koshigoe inafanya maajabu: inaacha njia yake inaingia barabarani kabisa, inabanana na magari kaa mathree ya Rongai jioni, tofauti ni dere amevaa glavu nyeupe na hakuna makanga anagonga bodi.

Hapo Koshigoe jukwaa ni fupi kushinda treni. Ikija na mabehewa manne, milango ya behewa moja haifunguki. Wenyeji wanarada, wamehama behewa mapema. Mgeni utamwona amesimama mbele ya mlango akiungojea, begi begani, mpaka treni inaondoka na yeye.

Kisiwa kwanza

Lakini kabla ya Koshigoe, shuka Enoshima. Kutoka stesheni unatembea, unavuka daraja, na uko kisiwani. Njia ya katikati ni nyembamba, maduka huku na huku, harufu ya samaki wa kuchoma na mchuzi wa soya. Juu kuna hekalu za Benzaiten, mungu wa kike wa muziki, sanaa na chapaa. Wasanii wanakujanga hapo kumwomba, na wenye wamesota pia. Kupanda ni ngazi kibao. Tangu 1959 kuna eskaleta za kulipia zinaitwa Escar, lakini zinapanda tu, kushuka ni miguu yako. Okoa doh, panda ngazi, juu huko njiani ndio unapata vile vichochoro vya kucheki bahari kati ya miti, na paka wamelala wakijifanya ni wenye kisiwa.

Juu kabisa kuna mnara wa taa, Sea Candle, karibu mita 60. Umejengwa ndani ya bustani ya Samuel Cocking, mfanyabiashara Mwingereza mwenye alinunua ardhi hapo karne ya 19. Ukivuka upande wa pili na ushuke ngazi zingine, unafika mapango ya Iwaya yenye bahari imechonga. Ndani wanakupatia mshumaa uubebe mkononi, dari inainama, na maji yanadondoka kwa shingo.

Kando ya kisiwa kuna bandari ya mashua. Mashindano ya mashua ya Olimpiki yalifanyika hapo 1964, na yakarudi hapo 2021. Olimpiki hiyo ya 1964 ndio Wilson Kiprugut alichukua shaba ya mita 800 kule Tokyo, medali ya kwanza ya Kenya kwa Olimpiki. So tuko na historia na hii mitaa.

Mambo ya kudishi

Kitu ya kwanza kumanga ni shirasu, visamaki vidogo vyeupe urefu wa kucha. Wanakuwekea juu ya wali, tangawizi kidogo, soya kidogo, kazi imeisha. Vya kuchemsha unapata kila mahali, lakini vibichi vinaharibika haraka, ndio maana wasee wanavifuata hapa karibu na boti zenyewe. Vikiwa vibichi vinang'aa kaa kioo, vinateleza, na vina uchungu kidogo mwishoni. Kuanzia January mpaka mapema March uvuvi unafungwa, so vibichi hakuna.

Ya pili iko hapo hapo kwa njia ya kisiwa, na foleni yake ni ndefu. Mathe anachukua vipweza vizima, anavichovya kwa unga, anavipanga kwa bamba la chuma la moto, anashusha bamba lingine juu yake. Mvuke unatoka ukipiga mluzi. Anabana tena, anangoja, anabana tena. Akifungua, ni kitu moja nyembamba, kavu, pana kushinda uso wako, na mikono ya pweza imeganda ndani unaihesabu ukitaka. Ukiuma inavunjika na sauti. Vumbi lake la chumvi linabaki kwa midomo mpaka stesheni inayofuata.

Sasa skiza vizuri. Ukinunua chochote, usikule ukiwa bichi na mgongo wazi. Mwewe wa Shonan ni wezi wa kimataifa. Pale ufuo wa Shichirigahama msee mmoja alikuwa amekaa kwa ukuta na baga, anacheki mawimbi, ametulia. Mwewe akashuka kutoka nyuma, hakuna sauti, hakuna onyo. Baga ikaenda. Jamaa akabaki ameshika karatasi ya kufungia, bado mkono uko karibu na mdomo. Wenyeji walicheka kidogo tu, kwa heshima. Vibango vya kuonya viko kila mahali na vina picha ya ndege, hata kusoma Kijapani si lazima. Keti na ukuta nyuma yako, ama chini ya paa.

Kile kivuko

Baada ya Koshigoe nyumba zinaisha ghafla na bahari inajaa dirisha zima. Behewa lote linanyamaza halafu simu zinatoka. Stesheni ya hapo ni Kamakura-Kokomae, na kivuko cha reli kando yake ndio ile picha. Ilitokea mwanzoni mwa anime ya Slam Dunk miaka ya tisini, kutoka kwa manga ya Takehiko Inoue ya vijana wa basketboli. Sinema ya The First Slam Dunk ilipotoka 2022, umati ukaongezeka, haswa wasee wa China, Taiwan na Korea wenye walikua na hiyo stori.

Siwalaumu. Kaa ulikua ukicheki hiyo anime, kusimama hapo ni kitu inagusa. Lakini ukweli wa mtaa ni huu: hiyo barabara ni nyembamba, watu wanasimama katikati yake, magari yanapiga honi, na mji umelazimika kuweka walinzi wa kuwaambia watu warudi kando. Kuna watoi wa shule hapo wanataka tu kufika nyumbani. Presha ya watalii imefika mahali ambapo siku za likizo kubwa ya mwanzo wa May, mji umejaribu mpango wa wenyeji kuonyesha cheti ndio waingie stesheni ya Kamakura bila kupanga foleni. Fikiria hiyo, mtu anahitaji karatasi ndio apande treni ya mtaa wake.

So piga picha yako moja haraka ukitaka, halafu tembea. Ukifuata ukuta wa bahari kuelekea Shichirigahama, umati unaisha kabla hujamaliza soda. Mchanga ni mweusi, juu umejaa chuma, na ukiushika unaona unang'aa. Nje huko wasurfa wamekaa kwa mbao zao wakingoja, na wengine wana mvi kitambo.

Inamuragasaki mpaka Hase

Stesheni ya mbele ni Inamuragasaki, na hii rasi ina stori. Mwaka wa 1333 jenerali Nitta Yoshisada alitaka kuivamia Kamakura, ambayo ilikuwa makao ya mashogun. Mji umezungukwa na milima pande tatu na bahari upande wa nne, njia zote zimefungwa. Hekaya inasema alitupa upanga wake wa dhahabu baharini, maji yakarudi nyuma, jeshi likapita kwa mchanga. Upanga sijui, lakini Kamakura ilianguka mwaka huo na utawala wake ukaisha. Siku hizi watu wanajazana hapo jioni kucheki jua likizama, Enoshima mbele, Fuji nyuma.

Treni inapita tunnel yake moja tu, inatokea upande wa Hase, na hapo ndio Buddha mkubwa wa hekalu la Kotoku-in. Kazi ilianza 1252. Urefu wake ni mita 11.3 bila jukwaa, na kwa sarafu kidogo zaidi unaingia ndani ya tumbo lake ucheki venye mafundi waliunganisha vipande vya shaba. Zamani alikuwa na jumba. Dhoruba na mawimbi yakalibeba, na tangu karne ya 15 amekaa nje, mvua yake, jua lake. Kwa ukuta wa kando zinaning'inia ndara za majani za karibu mita 2, akitaka kutembea ziko tayari.

Hiyo bahari si ya kuchezewa. Tetemeko la 1923, lile liliharibu Tokyo na Yokohama, lilianzia kwa hii ghuba, na tsunami ikapiga hapa. Ndio maana kwa nguzo za barabara utaona vibango vya mwinuko wa mahali umesimama kutoka usawa wa bahari, na mishale ya kukimbilia. Soma moja ukipita.

Malizia Kamakura yenyewe, kwa mtaa wa maduka wa Komachi-dori. Hapo tangu 2019 mji una sheria ya kuwaomba watu wasile wakitembea kwa umati. Hakuna faini, ni heshima tu. Simama kando, maliza, na takataka beba na begi yako, juu mapipa ni machache.

Uende lini?

Hapa lazima uchague. Ukitaka shirasu vibichi na maji ya kuogelea, enda miezi ya joto, lakini Fuji utaikosa siku nyingi juu ya ukungu. Ukitaka Fuji wazi na watu wachache, enda wakati wa baridi, ubebe jaketi ya ukweli.

Mimi ningeenda January tarehe 2, na sababu si mlima. Siku hiyo mbio za kupokezana za vyuo, Hakone Ekiden, zinatoka Tokyo kuelekea Hakone, na kipande cha tatu cha kilomita 21.4 kinapita kando ya hii bahari. Wakenya wamekimbia hizi mbio tangu 1989. Mwaka wa 2020 Vincent Yegon, mwanafunzi wa Tokyo International University, alikata hicho kipande kwa dakika 59 na sekunde 25, rekodi mpya. Shuka Chigasaki, stesheni mbili za JR kutoka Fujisawa, tembea mpaka barabara ya baharini kabla ya saa nne na nusu asubuhi, chukua kibendera cha karatasi wanachogawa bure. Wajapani watakuwa wamejipanga kimya kwa adabu zao. Mkenya akitokea, piga nduru kwa Kiswahili. Atajua ni yeye unamwita.